Karatasi za Nyumbani na Simu ya Mkononi



Siku hizi tukiwa kliniki tunamwomba mama kadi ya mtoto, naye badala ya kufungua mkoba anafungua simu. "Nimeipiga picha, sista, kadi yenyewe iko nyumbani." Mara nyingine picha inaonekana vizuri kabisa, nasi tunasoma tarehe ya chanjo ya mwisho bila shida. Mara nyingine kidole cha mama kimefunika mstari ule ule tunaoutaka. Na wapo wanaotueleza kwa masikitiko kwamba picha ilikuwepo, ila simu ilijaa wakaifuta.

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya homa, lishe na malezi. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya karatasi. Msicheke. Mtoto asiye na kadi anaweza kukosa chanjo au kurudia aliyokwisha kupata. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa cheti chake cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Na mjane asiye na karatasi mkononi huanza kuulizwa maswali kabla hata matanga hayajaanuliwa.

Wengi wetu tulilelewa katika nyumba iliyokuwa na sanduku la bati chini ya kitanda cha wazazi. Ndani yake mlikuwa na vitenge vya heshima, vyeti vya ubatizo na kipaimara, kadi za kliniki, stakabadhi za kodi, barua za wajomba waliokuwa mbali, na picha za studio zilizofungwa ndani ya leso. Ufunguo ulikaa kwenye pindo la kanga ya mama. Hakuna aliyemfundisha mama kazi ya kutunza nyaraka, lakini alijua mambo makuu: pawe pakavu, pasiingie jua, sanduku lipandishwe juu ya matofali ili mchwa wasilifikie, na mtoto asiguse.

Karatasi ina tabia moja njema. Ukiiacha mahali pazuri, itakungoja. Unaweza kuisahau miaka 40, ukaifungua ukakuta maandishi yako pale pale. Picha iliyo ndani ya simu au flashi haikungoji namna hiyo. Flashi hushika kumbukumbu zake kwa chaji ndogo sana ya umeme, na ikiwekwa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa popote, chaji ile yaweza kupungua na kumbukumbu zikaharibika. Zile diski tulizochomewa video za harusi miaka ya 2000 zina tabaka la rangi ndani yake, na jua na joto huliharibu. Katika nyumba ya bati, mchana wa Januari, ndipo hasa mahali pasipozifaa. Simu yenyewe huanguka kwenye ndoo ya maji au huibwa kwenye daladala.

Hata kama kifaa ni kizima, kinahitaji kifaa kingine cha kukisoma. Waingereza walipata taabu juu ya jambo hili. Wanacho kitabu kiitwacho Domesday, kilichoandikwa kwenye ngozi za wanyama mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, kuorodhesha mashamba na mali za nchi. Mwaka 1986, kilipotimiza miaka 900, shirika la utangazaji la BBC liliamua kutengeneza kingine cha kisasa. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao wanafunzi wa shule, wakapeleka maandishi na picha za maisha yao ya kila siku. Vyote viliwekwa kwenye diski kubwa kama santuri, zilizosomwa kwa mashine ya pekee. Haikupita miaka 20, mashine zile zikawa adimu mno. Mwaka 2002 wataalamu ilibidi watengeneze programu ya kuigiza kompyuta ile ya zamani ili waweze kuona kilichomo. Mwaka 2011 BBC iliyaweka mambo hayo kwenye mtandao, na mwaka 2018 ukurasa ule nao ukafungwa, nakala yake ikachukuliwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya nchi hiyo. Muda wote huo kitabu cha ngozi kilikuwa kinasomeka.

Tusidhani lakini kwamba karatasi haina matatizo yake. Idara yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, inatunza majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 1997 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Karatasi zipo. Ila maandishi mengi ya mkono ya zama hizo ni ya mwandiko wa kizamani, ulioondolewa rasmi katika shule za Ujerumani mwaka 1941, na Mjerumani wa leo hawezi kuusoma mpaka ajifunze kwanza. Basi kutunza ni pamoja na kuhakikisha kwamba yuko mtu atakayeweza kusoma.

Sasa tuje nyumbani kwetu.

Tulimsindikiza mama mmoja wa usharika wetu katika safari ndefu ya karatasi baada ya kufiwa na mumewe. Jina lake na mahali tunavihifadhi, naye ameturuhusu kusimulia. Marehemu alikuwa mtu wa mambo ya kisasa. Alikuwa amepiga picha kila karatasi ya nyumba: cheti cha ndoa, karatasi ya kununulia kiwanja, vyeti vya watoto, kadi ya benki, hata risiti za mabati. Akasema karatasi zenyewe hazina kazi tena, na walipohama nyumba nyingi zilipotea katika maboksi. Simu yake ilifunguka kwa kidole chake na kwa namba aliyoijua yeye peke yake. Alifariki ghafla. Mama alibaki na simu nzima mkononi, yenye chaji, isiyofunguka. Fundi wa kwanza alisema anaweza kuifungua ila kila kitu kitafutika. Fundi wa pili alisema hivyo hivyo.

Wiki ya tatu ndugu mmoja wa marehemu alianza kuuliza, kwa upole tu, kama ndoa ile ilifungwa wapi na nani alikuwepo. Akina mama mnaelewa maana ya swali la namna hiyo.

Kilichomwokoa mama huyu ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu kilichokuwa katika kabati la ofisi ya mchungaji. Ndoa ilikuwa imeandikwa humo kwa wino wa buluu: majina, tarehe, sahihi za bibi na bwana harusi, na sahihi za mashahidi wawili. Ndoa inapofungishwa kanisani kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, wanandoa hupewa cheti chao, kumbukumbu hubaki kwa mfungishaji, na taarifa hupelekwa serikalini kwa Msajili. Kwa hiyo alipata pa kuanzia, akaenda RITA kufuatilia nakala. Karatasi ya kiwanja nayo ilipatikana, kwa sababu mauziano yalikuwa yamefanyika mbele ya viongozi wa mtaa, na jalada lao lilikuwa na nakala. Iliwachukua miezi, na nauli, na kukaa kwenye mabenchi mengi. Ambacho hakikupatikana ni picha za mtoto wao wa mwisho tangu kuzaliwa mpaka anaanza kutembea, na sauti ya baba yake akimwimbia. Hizo zilikuwa ndani ya simu tu.

Tazameni jambo lililofanyika hapo. Mashine haina sifa yoyote katika habari hii, na sanduku la bati halina pia. Kilichosaidia ni kwamba maandishi yale yale yaliwekwa mahali patatu, mikononi mwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Wataalamu wa kutunza kumbukumbu za kompyuta wana kanuni yao siku hizi: ziwe nakala tatu, juu ya vitu vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na nyumbani. Huwa tunatabasamu tukiisikia, maana wanaosoma kitabu cha Yeremia, sura ya 32, wanakumbuka kwamba alipolinunua shamba la Anathothi ziliandikwa hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, zikawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Jambo si geni.

Na pasiwe na mama wa kusema atachagua upande mmoja. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlima wa Table huko Cape Town uliunguza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu, na vitabu vingi vya historia ya Afrika vikateketea. Vilivyokuwa vimekwisha kunakiliwa kwenye kompyuta, nakala zake zikabaki. Mwezi Oktoba 2023 mambo yakawa kinyume: wahalifu wa mtandao waliishambulia maktaba kuu ya Uingereza, British Library, na kwa miezi mingi wasomaji hawakuweza kuona nakala za mtandaoni, hali vitabu vyenyewe vilikuwa salama rafuni. Moto hula karatasi, na mwizi wa mtandao hufunga kompyuta. Nyumba yenye vyote viwili haipotezi kila kitu kwa siku moja.

Basi tufanyeje? Tutaanza na karatasi, kwa kuwa ndizo tunazoziona zikiharibiwa kwa nia njema.

Msikimbilie laminesheni. Ni kweli cheti kinang'aa na hakilowi, lakini joto na gundi vikishaingia havitoki tena, na wenye kazi ya kutunza nyaraka hawaikubali. Hati yenye muhuri wa kukandamizwa huweza hata kupoteza alama yake. Bahasha safi au mfuko wa plastiki wa faili unatosha. Selotepu nayo tuiache. Baada ya miaka michache hugeuka njano, hubanduka, na huacha doa juu ya maandishi. Karatasi iliyochanika iwekwe katikati ya karatasi mbili safi ndani ya bahasha, nayo itapumzika.

Hapa tunataka kusema neno kama wauguzi. Ile picha ya ultrasaundi mnayopewa, ya mtoto akiwa tumboni, haikuchapwa kwa wino. Ni karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto, sawa na risiti za dukani na za sheli. Ikikaa kwenye jua au kwenye joto, hufifia au husawijika, na ikipitishwa kwenye mashine ya laminesheni huharibika siku hiyo hiyo mbele ya macho yako. Akina mama wanatuonyesha vikaratasi vyeupe wakituambia, "Huyu ndiye Neema." Ipigeni picha au itoeni fotokopi ya kawaida wiki ile ile mliyoipata. Risiti ya kitu chenye dhamana, kama friji au sola, ni vivyo hivyo.

Kadi ya kliniki msiitupe mtoto anapotimiza miaka mitano. Ina uzito wa kuzaliwa, chanjo zote, na magonjwa aliyougua. Ni miongoni mwa vitu vinavyosaidia pia mtu anapochelewa kusajiliwa, pamoja na cheti cha ubatizo. Kwa watoto wadogo mambo yamerahisishwa. Mwaka 2013 ulianza mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ambapo cheti huandikwa kwa mkono papo hapo na taarifa hutumwa kwa simu hadi RITA. Umeenea mikoa mingi tangu wakati huo. Nasi tunaona mama akitoka na karatasi mkononi, huku nakala ya taarifa imekwisha kufika kwingine.

Upande wa simu, pigeni picha za karatasi mchana, karibu na dirisha, bila tochi ya simu, karatasi ikiwa imelala mezani. Hakikisheni pembe zote nne zinaonekana, kisha kuzeni picha msome namba. Tunajua wengi mnazituma kwenye WhatsApp mkidhani mmehifadhi. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora wake, na maandishi madogo huvurugika. Itumeni kama faili, kwa sehemu ya nyaraka, hapo itakwenda ilivyo. Kisha nakala moja iwekwe kwenye barua pepe au hifadhi ya mtandaoni, na nyingine kwenye flashi anayokaa nayo dada yako au mwanao aliye mji mwingine. Kila mwaka, tuseme wiki ya kufunga hesabu za nyumba, chomekeni flashi ile muone kama bado inafunguka. Ikifikisha miaka mitano nunueni mpya, mhamishie vitu. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Haiishi, kama kupiga deki.

Juu ya akaunti, mjue hili. Mwaka 2023 kampuni ya Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na barua na picha zake, nayo ikaanza kufanya hivyo Desemba mwaka huo. Mama anayefungua akaunti mpya kila anaponunua simu, akasahau ya zamani, asishangae. Kampuni hiyo pia ina mahali pa kuandika jina la mtu mnayemwamini, ili apewe kumbukumbu zako usipoonekana kwa muda utakaochagua. Mwambieni kijana wa nyumbani awaonyeshe.

Neno la siri la simu ya baba ni jambo la kuzungumzwa na baba, tena kwa adabu na wakati mzuri, siyo siku mliyogombana. Hatusemi mama aingie kwenye simu ya mumewe. Tunasema liandikwe, litiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe, iwekwe pamoja na vyeti. La mama vilevile, kwa sababu akina mama nao hufariki, na siku hizi fedha za kikundi na ada za watoto ziko kwenye simu ya mama. Wosia waweza kupelekwa kutunzwa RITA. Wanaume wengi husikia neno wosia kama uchuro. Ukianza na habari ya bahasha, labda la wosia litafuata lenyewe.

Tahadhari moja: cheti cha mtoto au kadi yako ya kliniki visitumwe kwenye kundi la kwaya wala la ukoo. Kadi ile ina majibu ya vipimo vyako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana sisi watumishi, lakini haitawahi kuwahi vidole vya shangazi.

Kaseti zina haraka kuliko vyote. Mwaka 2019 UNESCO na wataalamu wa sauti walitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku, kwamba kufikia karibu mwaka 2025 mashine za kuzicheza na vipuri vyake vitakuwa vigumu kupatikana. Mwaka huo umekwisha kutukuta. Kama mnayo kanda yenye sauti ya babu, mahubiri ya ndoa yenu, au kwaya ya mama akiwa msichana, mtafuteni fundi mwenye redio kaseti nzima mwezi huu. Waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta unaweza kuihamisha yote. Yenye ukungu mweupe isichezwe kwanza. Fundi ataifungua aisafishe, maana ukungu ule huchafua mashine na kuikwaruza kanda.

Limebaki la picha. Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani kimeweka kwenye mtandao picha nyingi zilizopigwa na wamisionari wa zamani, zikiwemo za misheni ya Leipzig kule Kilimanjaro. Tulizitazama pamoja na akina mama wa usharika jioni moja, tukaona mabinti wamekaa mbele ya shule, akina mama na mizigo ya ndizi, bibi harusi mwenye shela. Ni nzuri, na zimetunzwa vizuri mno. Nyingi hazina majina ya waliomo. Mama mmoja mzee aliisogelea simu sana, akasema yule wa pili kutoka kushoto ana mdomo wa ukoo wao. Hatukuwa na namna ya kujua.

Picha zenu za kwenye sanduku na za kwenye simu zitakuwa hivyo hivyo msipoandika. Kwa zile za karatasi tumieni penseli laini, nyuma, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huchora alama upande wa mbele au hulichafua lile jingine mtakaloliweka juu yake. Andikeni jina kamili, la baba yake, mahali na mwaka. Msiandike "mimi" wala "bibi". Kama bibi yupo hai, mketisheni Jumapili baada ya chakula na picha mapajani, mtoto mmoja ashike penseli na mwingine arekodi sauti. Atachanganya baadhi ya majina. Atataja pia watu ambao hamjawahi kuwasikia, na mtapenda kumwuliza ni akina nani.